Mawaridi ya Mama Yako Ndani ya Mchanga wa Lipu

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la mbao,
Chumba cha mbele, mezani.
Jumapili, tarehe 4, mwezi wa saba.

Mjukuu wangu mpendwa, mke wangu mdogo,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaisema. Marahaba. Hujambo wewe? Na huyo mwizi aliyekuchukua mbele ya macho yangu, hajambo naye? Mwambie mume mwenzake bado yuko hai na bado ana nguvu, asije akajisahau. Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto limechukua tabia ya mwenyewe, likikunjwa halitaki kukunjuka na likikunjuka halitaki kukunjwa, lakini linanifikisha ninakokwenda. Bibi yako presha yake imetulia. Meno yake aliyobakiza yote yapo, na ulimi wake pia, ingawa huo nao nina habari zake, utazipata mbele.

Kabla sijaendelea nataka uuangalie mwandiko huu vizuri. Huu ni mkono wangu mwenyewe. Yule kinyozi wa jirani alikuja mpaka na kalamu yake, eti aniandikie, nikamwambia arudi akanyoe. Najua herufi zangu ni kubwa na mistari yangu inapanda mlima, kama kuku amepita juu ya lipu mbichi. Lakini zimesimama. Mtu aliyesimamisha kuta za nusu ya mji huu hawezi kuangushwa na herufi.

Haya. Wifi yako, dada wa huyo mwizi, anasafiri wiki hii kuja huko kwenu, na nimempa sanduku la mbao akuletee. Amelalamika kwamba ni kubwa. Nikamwambia aache nguo zake. Sanduku hilo nimelipiga misumari mwenyewe na ndani yake kuna kitu ambacho nataka ukifungue ukiwa umekaa chini. Lakini usilifungue kabla hujamaliza kusoma barua hii, maana ukiona vilivyomo bila kujua vilikotoka utadhani nimevinunua dukani, na hilo sitalivumilia.

Unakumbuka ujumbe ulionitumia kwenye simu siku ile mlipokuwa uwanja wa ndege, asubuhi baada ya harusi? Mimi ninao mpaka leo, sijaufuta. Umeandika: "Babu nitunzie ua vizuri mpaka nije. Bibi anajua." Basi. Ndivyo ulivyoandika, wala usikatae.

Sasa nikuulize, mwanamke uliyesoma shule zote hizo, mtu mwenye maua ndoo nzima anaandikaje "ua"? Ungeandika maua ningejua ni maua. Ungeandika waridi ningejua ni waridi. Mimi nimesoma "ua" nikatoka nje nikautazama ua. Nikauona ulivyo, vumbi tupu upande huu, dimbwi upande ule, na lile bonde karibu na jiko ambalo bibi yako aliteleza na beseni la nguo. Nikasema kweli kabisa, mtoto ameona aibu. Wageni wa harusi wote wamepita hapa na viatu vyao vya kung'aa, na babu yake ni fundi, na ua wa fundi uko hivi.

Nikakujibu. Nilitumia muda mrefu kuandika jibu lile kwa sababu vitufe ni vidogo. Nikaandika: "Usiwe na shaka utaukuta kama kioo." Wewe ukanirudishia kile kichwa cha njano kinachocheka mpaka machozi. Hapo ndipo ungeshtuka. Niliandika utaukuta. Sikuandika utalikuta. Kosa lilikuwa wazi mbele yako na wewe ukalichekea. Nataka hilo lieleweke katika familia hii, maana huku kila mtu ananinyooshea kidole mimi.

Bibi yako wakati huo alikuwa ameondoka, kama unavyojua, kwenda kwa dada yake kupumzisha miguu baada ya shughuli zile. Aliniachia maagizo mengi, mengine nimeyasahau, moja nililishika: kila asubuhi nibadilishe maji ya ile ndoo ya maua iliyoko stoo. Nilibadilisha. Sikuuliza ni ya nini. Mwanamke akiniambia nibadilishe maji nabadilisha maji.

Siku hizo zote nilikuwa uani. Uliza mtu yeyote wa mtaa huu, wote walikuwa wakichungulia juu ya ukuta. Nililishindilia lile bonde kwa kokoto, nikapima usawa wa maji kutoka ukuta mpaka ukuta, nikamwaga zege, nikapiga lipu ya chini, juu yake nikapiga niru, ile saruji laini ya kumalizia, kwa mwiko wangu wa zamani ambao mpini wake umeshika umbo la kiganja changu. Na goti hili hili. Mwenye duka la mbao alikuja akasimama, akavua kofia. Maji ukiyamwaga pale hayajiulizi pa kwenda, yanaelekea mferejini moja kwa moja. Nimefanya kazi kwenye majumba ya watu wakubwa, sijawahi kupiga sakafu kama ile.

Na katika kusafisha niling'oa vilivyokuwa njiani. Magugu, kile kigingi cha kufungia kamba, na kisiki kimoja cha miiba kando ya ukuta wa jiko.

Mjukuu wangu, sitaki usikie jambo hili kwa mtu mwingine. Kisiki kile kilikuwa ule mwaridi.

Ulikuwa umekatwa matawi yote kwa ajili ya shada lako, umebaki mikono mikavu na majani matatu ya njano. Mimi niliona kuni. Mimi siku zote nilidhani ni maua ya bibi yako. Miaka ile nilikuwa natoka nyumbani jua halijatoka na kurudi limeshazama, nani angeniambia nani kapanda nini nyuma ya jiko?

Bibi yako alirudi jioni, akapitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikimsubiri aone. Alisimama kwenye kizingiti na mkoba wake kichwani, hakukanyaga. Nikamwambia akanyage tu, imeshakauka. Akaangalia ule ukuta wa jiko mpaka nikaanza kuangalia na mimi.

"Uko wapi mwaridi wa mwanangu?"

Nikamwuliza mwanao yupi, na tulikuwa na mmoja tu.

Ndipo nikajua. Mama yako aliupanda akiwa na mimba yako, kijiti alichopewa kazini na mwenzake, akakiweka kwenye kopo kwanza, kikashika, akakihamishia ukutani. Bibi yako aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo tangu tulipomzika. Maua ya shada lako yote yalitoka pale, aliyakata mwenyewe asubuhi ya harusi, na wewe ulimwomba moja likaushwe uwe nalo. Hilo ndilo "ua" lako. Kila mtu alijua, isipokuwa mwenye nyumba.

Nilitoka usiku ule kwenda jalalani. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuandikia ili ujue nilianzia wapi, maana fundi hupimwa kwa ukuta aliopewa, na ukuta niliopewa ulikuwa umeshaanguka.

Bibi yako hakugomba. Ningependa angegomba. Aliacha tu kusema na mimi. Alikuwa akisema na vyombo. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba maji yamechemka." "Mlango, mwambie mwenye nyumba kuna mtu wa umeme." Nami namjibu sufuria, nifanyeje? Mtu wa umeme alisimama pale akitutazama, akaondoka bila kusoma mita.

Asubuhi nikaingia stoo nikaitoa ile ndoo mwangani. Ndiyo mawaridi ya shada lako, ya mwisho yaliyobaki. Mengine yalikuwa yameinamisha vichwa, ukiyagusa yanapukutika. Lakini yale yaliyokatwa yakiwa hayajafunguka vizuri yalikuwa bado yamekaza, kwa sababu stoo ile ni baridi, nani aliijenga? Na maji yalikuwa safi, nani aliyabadilisha?

Nikabeba ndoo mpaka kwa yule mama muuza maua wa karibu na hospitali, ndiye aliyelifunga shada lako. Huyu mama ana mdomo. Aliponiona na ndoo aliniuliza kama nimekuja kuchumbia. Nikamwambia nina wake wawili tayari, mmoja hasemi na mmoja kaibwa, anieleze tu ua linakaushwaje lisipoteze sura. Akasema watu wengine huyaning'iniza kichwa chini, lakini hujikunja yakawa kama ngumi. Wengine hutumia punje fulani za dukani zinazofyonza maji, yeye hana, na hajui zinauzwa wapi. Na watu wa zamani, akasema, walikuwa wakiyazika kwenye mchanga mkavu.

Nikamwambia arudie hapo.

"Mchanga, mzee. Mchanga mlaini. Lakini mchanga wenu huo wa kujengea utayaua."

Mjukuu wangu, mwanamke yule aliniambia mimi habari za mchanga. Mimi. Ninayejua kwa kuusugua sikioni kama una udongo ndani. Mchanga ndio umenilisha, umemsomesha mama yako na nusu ya shule yako wewe. Nikamwambia baada ya wiki chache nitamletea ua aliloliona likiwa hai na atalitambua. Akacheka, akasema nikifaulu atavaa gunia. Wenye maua wenzake walisikia.

Nikauchagua mchanga. Sikuchukua wa lipu kama ulivyo. Nilichukua ule unaopita kwenye chekeche ya mwisho, halafu nikaupitisha kwenye chujio la chai la bibi yako, ambalo naomba usimwambie. Nikauosha kwenye karai, maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa, nikaosha tena na tena mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Nikauanika kwenye bati. Kisha nikaukaanga juu ya moto, nikiugeuza, mpaka ukawa unatiririka kwenye vidole kama maji. Ukiushika hivyo ukiwa na vuguvugu, hata wewe ungetaka kulala ndani yake.

Sikuyagusa mazuri kwanza. Mimi si mjinga. Nilichukua moja lililokuwa limeshachoka, la kujaribia. Nikalikata shina, nikachomeka waya mahali pake, nikaliweka kwenye kopo, nikamwaga mchanga. Na hapo mikono yangu ikanisaliti. Mkono wa fundi lipu ukiona mchanga umekaa kwenye chombo hauwezi kuuacha hivyo. Nikaushindilia. Nikachukua mwiko nikapiga usawa juu, nikakandamiza pembeni, nikarudia. Ulipendeza kweli ule mchanga. Nilipokuja kulitoa, ua limekuwa bapa kama kifuniko cha kopo. Bibi yako alikuwa akipita. Akaliambia kopo, "Mwambie mwenye nyumba hilo alilolitengeneza ni kigae."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini ndipo nilipoelewa. Maisha yangu yote kazi ilikuwa kukandamiza. Kazi hii ilitaka niache. Mchanga uingie wenyewe, mdogo mdogo, kutoka pembeni, uinue kila jani la ua kabla haujalifunika, ili ndani kujae sawa na nje. Nikatengeneza bomba la karatasi. Nikawa naumimina kama mtu anayemtilia mtoto dawa ya macho. Mwiko niliufungia kabatini na ufunguo nikaufungia kwenye mfuko wa koti, nisije nikajisahau.

Sanduku la kukaushia nililipanga chini mchanga, juu yake mawaridi yamesimama kwa nyaya zake yasigusane, nikayafunika polepole mpaka la mwisho likazama. Nilikaa pale tangu kunawa uso mpaka adhana ya mchana, goti limekunjwa, sikuliona. Sanduku nikaliacha bila kifuniko, mchanga upumue, juu ya ubao karibu na jiko ambapo hapafiki mvuke.

Baada ya hapo kazi ni kungoja, na kungoja sikuwahi kufundishwa. Lipu unajua imeshika kwa kuigonga. Hii utaigonga wapi? Nililala nikiwaza kama yameoza mle ndani. Siku ya pili tu nikaenda na kijiko kufukua kidogo upande mmoja, nione. Kidogo tu.

Sikufika. Bibi yako alikuwa ameshavuta kiti chake kidogo akalisogeza sanduku kwenye kona, akaliziba kwa mwili wake, akaendelea kushona. Hakuiambia kitu hata sufuria. Nikazunguka upande wa pili, naye akazungusha kiti. Siku zote zilizofuata alishonea pale, alichagua mchele pale, wageni aliwapokelea pale, na mimi nikipita na kijiko nakuta mgongo wake. Alipokwenda kuoga aliweka juu ya kiti kile kitenge chake, nami nikajua maana yake. Ninajua mipaka yangu.

Nami nikaona jambo. Mtu hawezi kulinda kazi anayodhani imeharibika.

Siku alipojisikia, kwa sababu si mimi niliyechagua, alinyanyuka akaweka kiti pembeni. Akaja na ile brashi yangu ya kunyolea ndevu, ameshaiosha. Hakunipa. Aliniashiria niinamishe sanduku nami nikaliinamisha, taratibu, mchanga ukaanza kutiririka kwenye karai na kutoa ile sauti yake ndogo. Kikaonekana kichwa kimoja. Halafu kingine.

Yalikuwa yamesimama. Kila jani la ua liko pale lilipokuwa asubuhi ya harusi yako, na ule mkunjo wa katikati haujafunguka wala haujafunga. Wekundu umeiva zaidi, umekuwa kama mvinyo, lakini ni wekundu. Mawili yalipukutika pembeni, sitakudanganya, na moja lilikuwa na doa. Mengine yote ni mazima. Mwenye duka la mbao nilimwita akaja akaona, akauliza ni ya plastiki. Nikamwambia aguse. Akaogopa kugusa.

Bibi yako alikuwa akiyapiga vumbi moja moja kwa brashi ile, hewa ya pumzi yake ikisaidia. Akaliinua moja mpaka puani. Nikajua anatafuta nini, na nikajua hatalipata, maana nilishanusa kabla yake. Hilo tu ndilo sikuweza. Nikasema, "Harufu imebaki mchangani, mama. Sikuweza kuitoa."

Akalishusha. Akaniangalia mimi, si sufuria.

"Harufu ninayo mimi. Wewe umefanya sura."

Nimepiga lipu msikitini na kanisani, mjukuu wangu, nimeshikwa mkono na wakubwa mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kuisifu kazi yangu kwa maneno kama hayo.

Kesho yake nililichukua lile lenye doa kwenye kasha la viatu mpaka kwa mama muuza maua. Hakucheka. Alilizungusha kwa waya wake, akaita wenzake, akaniuliza niliuosha mchanga mara ngapi. Nikamwambia aulize mchanga. Kuhusu gunia hatujafikia mwafaka, anasema hakutaja lini. Lakini sasa ananiamkia kabla sijafika, na wiki hii ameniletea mtu aliyefiwa na mama yake, ana ua moja la kutoka kwenye jeneza, anauliza kama ninaweza. Nimemwambia naweza. Liko kwenye mchanga sasa hivi ninavyoandika, na bibi yako yuko kwenye kiti.

Uliomba ua moja. Nimekutumia shada zima, ukiondoa yaliyopukutika na yale mawili ambayo bibi yako ameyaweka kwenye glasi kando ya picha ya mama yako. Nimeyapanga kwenye kasha lenye kioo mbele, fremu ni mbao ya mninga, pembe zake ni za kukutana, hutaona mahali pa kuunganishia hata ukitafuta. Yaweke ukutani mbali na dirisha, jua litayanyonya rangi. Usiyaweke jikoni wala bafuni, yakinusa mvuke yatalegea. Na usiyapanguse kwa kitambaa, ukimuona huyo mwizi na kitambaa mpige mkono. Wakija watu wakuulize nani kafanya, usiseme "babu yangu mmoja hivi." Taja fundi.

Jambo jingine, la mwisho. Ile sakafu. Majirani waliposema niivunje nilisema sitaigusa, na nilisema mbele ya watu, na wewe unajua nikisema nimesema. Siku ileile ya kufungua sanduku, bibi yako alipolala mchana, nilitoka na tindo na nyundo nikapima mahali pale kando ya ukuta wa jiko. Nimekata mraba. Nilipiga kwa upande, kidogo kidogo, ufa usitembee, na haukutembea hata unywele. Kingo nimezirudia kwa niru. Mtu akiona leo atadhani niliacha shimo tangu mwanzo kwa makusudi, na wapo ninaowaambia hivyo. Nimetia udongo mweusi. Hakuna kilichopandwa. Bibi yako anasema hapandi, mwenye kupanda ni wewe, uje na mkono wako. Kwa hiyo sasa uelewe vizuri, maana sirudii: ua lako ndilo hilo mikononi mwako, na ua wako uko hapa, umepigwa niru, una mahali pako pa kuchafua.

Nisalimie huyo mwizi, mwambie namsalimia lakini sijamsamehe. Wasalimie wakwe zako wote kwa heshima. Wifi yako akifika mpe kitu cha moto anywe, amebeba sanduku ingawa alilalamika. Huku dada wa bibi yako anakusalimu, kinyozi anakusalimu na anasema mwandiko wangu si mbaya, mwenye duka la mbao anakusalimu, na mama muuza maua anasema ukizaa msichana atamfungia shada bure. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe riziki ya mikono yako, na akupe watoto wakaidi kama mimi ili nawe uone.

Nilitaka kuendelea lakini bibi yako ananiita, chakula kiko mezani. Haagizi tena sufuria. Ananiita mwenyewe, na kwa lile jina alilokuwa akiniita tulipokuwa tumeoana juzi juzi, kabla mama yako hajazaliwa, jina ambalo nilidhani amelisahau. Sikuandikii jina lenyewe, hilo si la wajukuu. Anaita tena. Nimeusikia tangu mara ya kwanza wito wake, nimekaa tu hapa ili aite mara ya tatu.

Babu yako akupendaye hata ukiandika nusu nusu,

Fundi Kioo